Nilivyoielewa imperfect ya Kigiriki katika soko la mbuzi Mwingi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Humu watu hutunga sana. Haya yangu yalinipata mimi mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

Miaka ya themanini mjomba wangu alikuwa na duka Sultan Hamud. Aliposikia nimepata nafasi ya diploma ya theolojia, na kwamba Kigiriki cha kale ni lazima, aliacha kupima sukari akaniangalia.

"Musyoka, Kiswahili chako tu kinachechemea. Hicho Kigiriki utakibeba na nini?"

Wateja wakacheka. Mmoja akasema nitarudi kabla sukari haijapanda bei.

Leo diploma hiyo iko ukutani kwangu hapa Salama, na baada yake nilisoma ng'ambo miaka sita. Nasema hivyo ili mjue anayeongea.

Lakini muhula wa kwanza, katika Kigiriki, nilipata 19 kwa 100.

Shida yangu ilikuwa verbs. Kigiriki kina kauli tatu za kitenzi. Active, unafungua. Passive, unafunguliwa. Halafu kuna middle: unafanya wewe, na faida inakurudia wewe. Katika imperfect, ile tense ya jambo lililokuwa likiendelea, middle na passive zina umbo moja. Unatofautisha kwa kuangalia maneno ya jirani.

Mwalimu wetu alikuwa Mkamba wa Kilungu, mtu wa sauti ya chini. Aliniita ofisini.

"Bwana Musyoka, unahubiri vizuri. Kigiriki si cha kila mtu. Ukianguka tena Aprili, nitakuhamisha kwa darasa la cheti."

Kanisa letu nyumbani lilikuwa limesema wazi kwamba litampokea mchungaji mwenye diploma tu. Cheti maana yake ni kurudi kwa mjomba kupima sukari.

Likizo nilikuwa nafanya kazi Mwingi kwa Hajji, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Garissa. Niliandika verbs kwenye kadi za karatasi ngumu, nikaziweka mfuko wa shati. Mbuzi wakipanda lori, mimi nasoma kadi.

Kwa wasiojua soko lile: wafanyabiashara wa kule hawataji bei kwa mdomo. Mnashikana mikono chini ya kitambaa na mnaongea kwa kufinyana vidole, ili waliosimama karibu wasijue. Mkono ukiwa bado ndani, mnaendelea. Ukiutoa bila kukubaliana, umekataa.

Siku moja Hajji alienda kuswali, akaniachia muuzaji mwenye mbuzi ishirini na watatu, wazuri wote. Hajji alikuwa amenifundisha lugha ya vidole, na mimi, kusema kweli, nilikuwa hodari.

Tulikuwa tumekaribiana kabisa. Nikainama kidogo, kadi zikateleza kutoka mfukoni. Upepo ukaanza kuzichukua.

Nikatoa mkono kuziokota.

Nilipoinua kichwa, muuzaji alikuwa amekunja kitambaa chake na anasukuma mbuzi kwa mnunuzi mwingine. Nikamkimbilia, nikaeleza. Hakugeuka.

Hajji akarudi. "Mbuzi wako wapi?"

"Hajji, sikukataa. Nilikuwa nanunua."

"Ulikuwa unanunua. Nimesikia. Ulinunua?"

"Hapana."

"Basi usiniambie kama mtu aliyenunua. Kazi ilikuwa njiani, na ikafia njiani."

Wakuu, nilisimama pale na kadi zenye vumbi mkononi. Muhula mzima nilikuwa natafsiri imperfect kama jambo lililokwisha. Nilikuwa natoa mkono mapema kila mara.

Na ile middle nayo nikaiona palepale sokoni. Hajji alipomnunulia tajiri wa Nairobi, alihesabu tu vichwa. Alipojinunulia mwenyewe, alichuchumaa, akafungua mdomo wa mbuzi kuangalia meno, akapapasa kiwele. Kununua ni kulekule, lakini uso ulikuwa mwingine.

Aprili exam ilikuwa ya mdomo, mbele ya mwalimu. Alikuwa ametunga kifungu chake mwenyewe kuhusu wafungwa na askari. Nikafika kwenye neno eluonto. Nikaangalia maneno ya jirani, nikamwona askari anayetenda. Kwa hiyo ni passive.

"Wafungwa walikuwa wakifunguliwa na askari," nikasema.

"Wakatoka?"

"Hatujui, mwalimu. Mwandishi hajasema."

Akavua miwani. "Wenzako wanne wameshanitolea hao watu nje. Wewe umewaacha wapi?"

"Nimewaacha na kamba bado mikononi."

Hakucheka, lakini aliandika kwa muda mrefu. Nilipata 74. Jina langu likabaki darasa la diploma.

Nikaenda Mwingi kumwambia Hajji. Nilikuwa nimejipanga kufanya kazi likizo nzima bila mshahara kwa sababu ya wale mbuzi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, Hajji."

"Basi wale mbuzi walikuwa karo. Nenda kahesabu walio kwenye lori."

Vijana huniuliza nani alinisaidia, na kwa kawaida najibu kwamba nilijifunza mwenyewe. Kazi niliifanya mwenyewe, hilo silipunguzi. Lakini tense iliyonitoa jasho nilifundishwa na mtu asiyejua hata herufi moja ya Kigiriki, na alilipia somo hilo kwa mbuzi ishirini na watatu.

Nililojifunza: ukishindwa na jambo darasani, liangalie katika kazi unayoijua. Huenda umekuwa ukilifanya kila siku.

Waliosoma Kigiriki wanisahihishe nilipokosea, sina hasira. Na wewe uliyefundishwa kitabu na mtu asiye na kitabu, tuandikie hapa chini alikuwa nani.