Bendera Nyekundu Ambayo Sikuiona

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Same mjini, Msimamizi wa Magari hakuniuliza habari za gia wala breki. Aliniambia niendeshe hadi Mwanga na kurudi, kisha akasema, "Haya, umeona nini?" Nikataja mbuzi, daraja jembamba, lori bovu. Akanipa ufunguo. Kazi hiyo aliiita kusoma barabara: dereva wa gari la wagonjwa akirudi, humweleza anayetoka njia ilivyo.

Niliisoma vizuri miaka minne, nikahamishiwa Mwanga. Mchana mmoja, nikishuka kutoka Ugweno, nilikunywa vibuyu viwili vya dengelua, pombe yetu ya miwa. Sikulewa, na hilo nalisema hadi leo. Msimamizi wa Mwanga aliponiuliza njia, nilimtajia kilabu kipya kwenye kona, mama mwenye ndoo ya pombe kichwani, na makreti ya bia mbele ya duka.

"Na mafundi wa daraja?"

"Mafundi gani, mzee?"

Walikuwa wamempigia simu. Nusura nimkanyage mwenzao aliyeshika bendera nyekundu.

"Hukulewa, naona," alisema taratibu. "Ila pombe ikishaingia, inayapeleka macho kwa ndugu zake."

Akachukua ufunguo. Miezi mitatu niliosha magari, na mke wangu Nakijwa akanitania, "Shikamoo, dereva wa ndoo." Lakini siku za gulio alitembea nami na kuniuliza nimeona nini. Nilipokuwa sijaonja, vilabu vilikuwa nyumba tu kama nyumba nyingine. Mara mbili nilionja kwa siri. Siku hizo nilitaja vilabu vyote, na kanisa tulilolipita sikulitaja. Nakijwa alijua. Hakugomba. Nikaacha kabisa.

Nilirudishiwa ufunguo na kupelekwa milimani, upande wa Myamba, chini ya Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo cha afya. Msimu wa mvua nilimbeba mama mwenye uchungu uliokwama. Kwenye mteremko niliona majani ya ukingoni yamelala upande usio wake. Nikasimama.

"Mbona umesimama, baba?" nesi aliuliza. "Huyu hana muda."

"Chini ya majani hakuna ardhi, nesi."

Nilirudi nyuma hatua chache, na ukingo ule ukaporomokea bondeni mbele ya macho yetu. Tulizunguka njia ya juu. Mtoto alizaliwa Same, wa kike, mzima, mama yake mzima.

Sijidai. Hata sasa harufu ya dengelua hunigeuza shingo. Lakini tangu nirudishiwe ufunguo ule hadi nastaafu sikuonja tena, wala sikupoteza mgonjwa barabarani. Mganga Mfawidhi aliyasema hayo siku ya kuniaga, na kabla hajamaliza, Nakijwa alisimama mstari wa mbele akapiga kigelegele kirefu hadi wakubwa wakacheka. Mke wangu huyo tulimzika mwaka jana. Katika vyote nilivyolipwa kazini, kigelegele kile ndicho kikubwa.