1,234,567 Ilivyoniumbua

Mkinicheka, nichekeni taratibu. Shule binafsi zilipoanza kufunguliwa huku kwetu, nami nilikwenda kuomba kazi kwenye moja pale Usa River. Niliambiwa nifundishe kipindi kimoja cha hesabu darasa la saba, huku mwalimu mkuu, mama wa Kimeru mwenye mvi, akinisikiliza kutoka dawati la nyuma.

Nilivaa koti la mtumba lenye vifungo vya kung'aa. Nilitaka kuwashangaza, nikaandika ubaoni 1,234,567.

"Hii ni namba tasa," nikatangaza. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimeihakiki mwenyewe."

Ukweli ni kwamba Jumapili baada ya ibada nilijaribu kuigawanya kwa namba tasa ndogondogo, moja baada ya nyingine, na kila mara ikaacha baki. Nilipaswa kuendelea mpaka nipite elfu moja, lakini mke wangu aliniita nikale, nami nikaona imetosha.

Mwalimu mkuu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, uliishia kugawanya kwa ngapi?"

"Mia moja kumi na tatu, mama."

"Namba tasa inayofuata ni ipi?"

"Mia moja ishirini na saba."

"Basi igawanye kwa hiyo, watoto waone."

Nikageukia ubao, nikashika chaki. Darasa zima likagawanya pamoja nami kwa sauti, hatua kwa hatua. Jibu lilikuwa elfu tisa mia saba ishirini na moja, bila baki.