Nani Alimwosha Sudi?

Moshi wa korosho zinazochomwa pamoja na maganda yake hauna adabu. Unawasha macho, unakwaruza koo, halafu unang'ang'ania kwenye nguo hata ukishafua. Juzi nilikuwa napita Sofu, mtaa wetu wa Kibaha, kwenda dukani, nikamkuta jirani anachoma korosho kwenye bati nyuma ya nyumba yake. Wapita njia wengine walifunika pua na kuharakisha. Mimi nilisimama palepale nikiuvuta ule moshi, na aliyeniona bila shaka aliniombea dua. Sikuwa Sofu tena. Nilikuwa Kibuta, kijijini, nimeketi kando ya Bibi Mwanaidi, tunabishana kuhusu kifo cha Sudi.

Sudi hakuwa mtu wa kweli. Alikuwa tajiri wa kwenye tamthilia ya upelelezi iliyooneshwa kila Alhamisi, magharibi ikishapita, na mwaka ule watoto wa Sofu hatukuwa na habari nyingine. Gari lake lilikutwa limeteketea porini, ndani mna mabaki ya mtu, yakazikwa harakaharaka. Mpelelezi, mama mmoja mnene asiyecheka aitwaye Inspekta Tabu, alikataa kufunga jalada. Tulipofunga shule ilikuwa imebaki sehemu ya mwisho tu, nayo ikasogezwa mbele, tukabaki na ubishi. Rafiki yangu Neema aliapa kwamba muuaji ni dereva, kwa sababu alivaa miwani ya jua hadi sebuleni. Mimi nilimshika mke wa marehemu. Alilia kipindi kizima na wanja wake haukuchuruzika hata kidogo, na msinicheke, niliuona huo kuwa ushahidi wa kumfunga mtu.

Baba alikuwa mtumishi wa serikali pale Kibaha, na kila likizo ya Desemba alinipeleka Kibuta kwa mama yake. Nilikwenda na ubishi wangu. Bibi hakuwa na televisheni, kwa hiyo nilimsimulia kisa chote tukibangua korosho, nikiigiza sauti na mwendo wa kila mtu. Majirani waliokuja kutusaidia nao wakaanza kutaja wauaji wao. Mmoja alimtuhumu daktari, kwa kuwa alikaribishwa chai msibani akaikataa. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta majivu mikononi.

"Nani alimwosha?"

Nilimwambia hakuoshwa, aliungua. Akauliza nani aliuona uso wake. Nikasema hakuna.

"Basi, mke mwenzangu, usiniambie amekufa."

Nilicheka, nikitegemea wale kina mama watacheka pamoja nami. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliinuka kwenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Niwaambie walichokuwa wanakijua. Baba Mdogo Salehe, mdogo wake Baba, alikwenda machimbo ya dhahabu huko Kanda ya Ziwa kabla sijazaliwa. Baadaye zikaja habari za mdomo kwamba shimo lilimfukia. Baba aliziamini. Alitaka hitima isomwe, watu wamwombee marehemu na roho zao zitulie. Bibi alikataa katakata. Chumba cha Salehe kilifagiwa kila siku na kitanda kikatandikwa, na kila tulipofika Kibuta yeye na Baba walijifungia ndani wakizozana kwa sauti ya chini. Kisha Baba hutoka amenuna, akaenda kukagua tairi za pikipiki yake zisizo na tatizo lolote. Yote haya niliyajua, lakini niliyaona ni mambo ya wakubwa. Sikuyahusisha na Sudi.

Siku chache baadaye Bibi akatangaza kwamba anakwenda Kibaha kuiona hiyo sehemu ya mwisho. Bibi yuleyule aliyegoma kwenda hata kutibiwa macho! Baba alimtajia vumbi, akamtajia na miguu yake. Bibi alifunga kanga zake na kopo la korosho, akaketi barazani kusubiri kuondoka.

Alhamisi ilipofika alikuwa sebuleni kwetu, kwenye kiti kizuri kuliko vyote, na watoto tumejaa mkekani. Kila mmoja alitaja muuaji wake. Bibi alisema Sudi yu hai. Baba alisimama mlangoni, akidai hana muda wa kuangalia tamthilia.

Inspekta Tabu alihangaika kijiji hadi kijiji. Alifukuzwa, akadanganywa, kiatu kikamkatikia njiani, akaendelea. Mwishowe alifika kwenye kisima kikuukuu shambani kwa Sudi, na maiti ya Sudi ilikuwa humo. Yule wa kwenye gari alikuwa mtu mwingine. Muuaji ni dereva. Neema aliruka juu kwa furaha, akamwambia Bibi ameshindwa. Nilimwonea Bibi huruma. Lakini yeye hakumtazama Neema, alimtazama Baba pale mlangoni.

"Shabani, yule mama hata si ndugu yake. Kamtafuta mpaka kampata."

Baba alitoka nje. Wiki iliyofuata aliomba likizo, akapanda basi la Kanda ya Ziwa.

Alikaa huko hadi Mama akaanza kuogopa. Machimbo ni mengi, na kule watu wanajulikana kwa majina ya utani, kwa hiyo alikuwa akielekezwa huku, akirudishwa kule. Tulipompigia simu alisema neno moja tu, "Bado." Mama akamsihi arudi. "Bado," akasema tena.

Aliporudi alipitiliza hadi Kibuta, ambako Bibi alikuwa amesharudi, nasi tukamfuata. Alikuwa na mchimbaji mmoja mwenyeji wa Tabora, jina lake Ramadhani, amekaa mkekani mikono mapajani. Alimwamkia Bibi, Bibi akaitikia marahaba, kisha akauliza swali lake.

"Nani alimwosha?"

"Mimi, mama."

"Uliona nini mguuni?"

"Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakikuwa na ukucha."

Ukucha ule Salehe aliukata kwa jembe utotoni, alipomfuata Bibi kwenye shamba la mihogo. Bibi aliishika mikono ya Ramadhani, yote miwili, akaikumbatia kifuani na kulia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile. Alipomaliza alimgeukia Baba, akamwambia aite watu, hitima isomwe.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bibi alikuwa anafagia kile chumba kwa kumsubiri Salehe arudi. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba aliyekuwa akimsubiri ni Baba, aondoke kwenda kumtafuta.