Ahadi ya Jirani kwa Mama

Kabla ya kuwa rais alikuwa jirani yetu mtaani Munyaka, Eldoret, na jina hilo la Jirani halijanitoka mdomoni hadi leo. Alikuwa amekimbia nchi yake, ng'ambo ya mpaka, akawa anafundisha hesabu shule moja ya huko Soy. Kuna Jumamosi naikumbuka sana. Yeye ameketi mlangoni akipukuchua mahindi, suruali ameikunja hadi magotini, na kaka yangu Owino amelala chini ya pikapu akiitengeneza. Mama anawacheka wote wawili, eti mmoja hajui kupukuchua na mwingine hajui kutengeneza. Jua jepesi, ukungu wa asubuhi haujaisha vizuri. Nikiota, naota siku hiyo.

Tulijua ana watu wake msituni wanaomngoja. Siku aliyoondoka kwenda kuongoza vita, Owino alishika usukani, nami, nesi niliyekuwa na kazi nzuri mjini, nikapanda nyuma na dawa. Jirani alimshika Mama mikono yote miwili akamwambia, "Owino nitakurudishia mimi mwenyewe." Mama akamwamini. Nani hangemwamini? Alikuwa na sauti ya mtu anayekusomea Biblia ukiwa mgonjwa.

Msituni tulitembea ndani ya ukungu kama ule wa Timboroa, aliye mbele yako unamsikia bila kumwona. Nilifunga vidonda, nikashona, nikazoea. Jirani alilala chini kama sisi na alikula wa mwisho. Nilimpenda kwa hilo, wacha niseme tu.

Kisha tukafika mtoni.

Risasi zilitoka ng'ambo tukiwa majini tayari.

Nilimvuta majeruhi mmoja hadi ukingoni. Nikageuka. Owino sikumwona.

Jirani alitoka majini nyuma yetu sote. Nikamuuliza. Akasema Owino ametekwa, yuko hai, tutabadilishana mateka. Akaniambia niendelee na kazi. Nikaendelea.

Vita viliisha, akawa rais, nami nikarudi Eldoret kumngoja Owino pamoja na Mama. Kwetu upande wa ziwa, mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa tunda la yago badala yake, refu na zito, ndani ya jeneza kama mtu. Wazee wa ukoo walikuja Munyaka kumsihi Mama aruhusu. Alikataa. Amzike vipi mtoto ambaye rais mwenyewe amesema yuko hai? Akazeeka hivyo, miguu ikavimba, moyo ukachoka. Daktari aliniambia kwa upole nisitarajie mengi. Nikaona wazi kwamba Mama atakufa akiwa bado anangoja.

Nikafunga safari. Sitaeleza nilivyowapita wale walinzi, nilikuwa mkali. Ikulu yake ilikuwa nyeupe na kimya, zulia linameza nyayo, hata nikashuku kama niko macho. Alinimiminia chai mwenyewe. Alikuwa amenenepa. Aliulizia mahindi, mvua, majirani wote wa Munyaka. Nikamwambia Mama anakufa, nikamuuliza Owino yuko wapi.

Akaweka kikombe chake chini.

"Alikufa mtoni, Sista. Nilimshika mkono akaniponyoka. Nilikuwa na majeruhi wengi na nesi mmoja. Ungejua, ungeondoka."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Ningeondoka, na wengi wangekufa, labda hata yeye. Lakini vita viliisha, na simu alikuwa nayo. Nilimwambia hivyo. Akasema kila mwaka ulivyopita aibu ilizidi, akashindwa. Nilimhurumia, na nilimchukia, yote kwa pamoja. Chai sikuimaliza.

Mama alinisikiliza bila kulia, akasema sasa tumpeleke Owino nyumbani, upande wa ziwa, tukamzike. Rais alituma shada kubwa la maua, tuliliacha langoni. Kabla jeneza halijafungwa, Mama aliomba tunda lile awekewe mapajani kwanza. Wazee walitazamana, wakampa. Akalifunika kwa leso yake, akalipima kwa mikono taratibu, huku na huku.

"Ni zito," akasema. "Owino alizaliwa mdogo sana."

Kisha akawarudishia.