Ngozi Kavu

Sijawahi kuwa mwanamke mvivu, na mwaka ule uvivu ungenifaa. Nalisema hili mapema kwa sababu gari la mjomba wangu liliharibiwa na bidii yangu mwenyewe.

Lilikuwa gari la magurudumu mawili, la kukokotwa na watu, maana bonde letu lilijaa mbung'o na ng'ombe hawakudumu. Mjomba, mdogo wake mama, aliachiwa gari hilo na mnunuzi mmoja wa mpira wa porini aliyeacha biashara vita vya maji vilipoanza. Siku hizi watu wanasema breki. Sisi tulisema kizuizi. Ulikuwa mti uliolala nyuma ya magurudumu, wenye vibao viwili vilivyovikwa ngozi. Ukivuta kamba, ngozi inabana pete ya chuma ya gurudumu na gari linapunguza mwendo. Vita vilipokwisha mjomba alikwenda Ifakara kutafuta kazi, akaliacha gari kwangu, ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Likakaa chini ya upenu misimu miwili.

Alirudi kwa ajili ya mama. Mama alikuwa juu, milima ya Mahenge, na tangu mwaka wa njaa miguu yake ilikataa kumbeba. Jirani aliyekuwa akimpikia sasa alikuwa anahama. Zamani tungemshusha kwa machela, lakini machela hutaka wanaume wanne wazima, na baada ya vita wanaume wanne wazima hukuwapata hata kwa kuzunguka vijiji vitatu. Masika nayo ilikuwa karibu, na ikishaingia, tambarare yote huwa maji. Ama tumlete mama kwa gari, ama abaki kule peke yake.

"Kwanza lazima tulijaribu," mjomba alisema. Tukapakia mawe yenye uzito wa mama, yeye akikadiria kwa kuyanyanyua moja moja na kumwomba dada yake radhi. Tukalikokota mpaka juu ya kilima kilicho nyuma ya nyumba yangu, tukaanza kushuka. Mjomba mbele, mimi nyuma na kamba.

Nilivuta. Ngozi ikagusa chuma, ikateleza tu. Nikavuta kwa uzito wangu wote, nikapiga kelele, "Mjomba, toka!" Akaruka pembeni. Gari likampita, likavunja ua wangu, likaingia kwenye shamba langu la mpunga na kuzama matopeni, mawe yakitawanyika huku na huku. Mjomba aliinuka akichechemea, kisigino kinatoka damu.

Tulilitoa tope, tukafungua kizuizi. Mjomba alikagua kamba, akakagua mti, akatikisa kichwa. "Nilikosea kuchonga hivi vibao. Kazi yangu mbaya." Nami nikapitisha kidole juu ya ile ngozi, kikatoka kinang'aa.

Niliyajua yale mafuta. Kwetu, ngozi iliyoachwa ikakauka na kupasuka ni aibu ya mwenye nyumba. Ngozi ya kiti, ngozi ya ngoma, ngozi ya kubebea mtoto, zote hupakwa mafuta ya mbarika. Nami kila mwezi ulipoandama nilichukua kibuyu changu nikazipaka zote, na hizo mbili za garini sikuzisahau hata mara moja. Nilizisugua mpaka zikalainika. Tena nilijisifu.

Hasira zangu ni za karibu, lakini siku ile sikuwa na wa kumkasirikia ila mimi. Mjomba akafunga kisigino chake kwa jani, akasema, "Gari hili halifai tena. Dada atabaki mpaka mwakani, Mungu akipenda." Alisema kwa upole, akitazama chini. Mpaka mwakani! Nani angempa maji? Mficha uchi hazai, nikafumbua mdomo.

"Mjomba, si kazi yako. Ni mafuta yangu."

Alinusa kile kibao. Akanusa tena. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Mpwa wangu! Umelipaka gari mafuta kama mwari anayetolewa nje!" Nilimwambia acheke taratibu, asije akachubuka kisigino cha pili.

Tuliziondoa zile ngozi. Tulijaribu majivu, tukajaribu mchanga, mafuta yalikuwa yameingia mpaka ndani. "Tafuta ngozi kavu," akasema. Nikaizunguka nyumba yangu yote. Hapakuwa na ngozi kavu. Bidii!

Ilikuwapo moja, na tangu mwanzo nilijua ilipo.

Mume wangu alikuwa Mmbunga. Alikwenda kupigana Mahenge na wenzake, wamenyunyiziwa yale maji ya dawa ya kuzuia risasi, na ngao yake ya ngozi ya ng'ombe mkononi. Hakurudi. Mwenzake ndiye aliyeniletea ngao usiku, ina tundu moja, nikaificha juu ya kichanja cha meko, maana askari walikuwa wakisaka silaha nyumba kwa nyumba. Ile sikuipaka mafuta. Sikuweza hata kuitazama. Ilikaa juu ya moshi, ikakauka ikawa ngumu kama gome la mti.

Niliishusha. Mjomba aliiona, akasimama. "Hapana, mwanangu."

"Kata," nikamwambia. "Kata kabla sijabadili nia."

Alikata vipande viwili, akilikwepa lile tundu. Akavifunga vibaoni kwa kamba za ngozi mbichi na kuviacha juani siku mbili. Tulipojaribu tena na mawe yetu, gari lilisimama katikati ya mteremko, kimya, likatulia.

Tulikwenda Mahenge. Mama tulimketisha juu ya majani, akitazama nyuma, nilipo mimi. Mjomba mbele, mimi kwenye kamba. Mteremko ulipokaza nilivuta, ngozi ikabana, ikaanza kutoa moshi mwembamba.

"Nini kinaungua?" mama akauliza.

"Ngozi ya kizuizi, mama."

"Ngozi ya nini?"

Ningeweza kusema ya ng'ombe, na nisingekuwa nimedanganya. "Ngao ya mkweo," nikasema.

Lazima niseme walivyoishi wale wawili. Mume wangu alikuwa na heshima iliyopita kiasi. Akimwona mkwewe njiani, huingia majanini. Na mama hujifunika uso kwa kaniki mpaka apite. Hawakuwahi kukaa mkeka mmoja wala kupeana kitu mkono kwa mkono. Wakiwa na neno la kuambiana, walinituma mimi, hata kama wote wawili walikuwa wakisikiana.

Mama alivuta kaniki yake, akajifunika uso, akageukia pembeni. Akakaa hivyo mteremko mzima, na mimi nikalia wazi wazi, kamba mkononi, sikuilegeza.

Tulipofika tambarare mjomba aliweka miti ya gari chini, akaketi apumzike. Mama alikuwa bado amejifunika.

"Mwanangu," aliniita kwa sauti ya chini. "Mwambie mkwe wangu nimefika."