Mama wa Kikanda Darajani

Enzi zetu, na msicheke, maana mtu wa miaka kumi na saba naye ana enzi zake, watoto wa mtaa wa Kamalondo tuliujua mji mmoja mdogo wa Ufaransa kuliko njia ya kwenda shule. Tulikuwa na miaka minane. Kila Jumamosi Père Lucien, padri mzee wa parokia, alipaswa kutufundisha katekisimu. Akifika amri ya tatu, macho yanampotelea dirishani, na sisi tayari tuko kwao, Ufaransa.

Kwao kulikuwa na mto, daraja la mawe, na watu wa juu kilimani waliowadharau watu wa chini bondeni. Wa juu walikuwa na kanisa, wa chini kinu cha ngano. Wakati wa vita waliizamisha kengele mtoni ili isiyeyushwe iwe mizinga. Walioingia matopeni kuitoa ni wa chini, na tangu hapo wa juu walilazimika kuwasalimu. Tuliuchora mji ule uani kwa mkaa, mtaro ukawa mto, sufuria ikawa kengele, mpaka Mama atokee na mwiko wa ugali: "Nani alibeba sufuria yangu? Leo mutakula bukari ya mu kengele."

Mimi ndiye nilikuwa mwongo wa kundi. Siku moja Père aliniuliza darajani walipita akina nani.

"Kulikuwa mama moya wa kuuzisha kikanda, mon Père," nikasema, maana kitafunio hicho cha mizizi na karanga kinauzwa kila kona mtaani kwetu.

"Mutoto, kwetu hakuna kikanda."

"Kuko, mon Père. Hamukumuona sababu mulipita mbio."

Alicheka mpaka akavua miwani. Tangu hapo, kila akisimulia, akifika darajani ananyamaza, ananitazama, tunamwacha mama yule apite kwanza na beseni lake.

Kisha wakubwa wake wakamrudisha kwao kupumzika. "Mukomae muzuri," alituambia. Nimekomaa. Uzuri bado unakuja.

Mwezi uliopita mpwa wake alipiga simu ya video parokiani. Père anaishi katika mji uleule, dirisha lake linatazama daraja, lakini hajui tena pale ni wapi. Kila siku analia apelekwe kwao. Mpwa akauliza kama kuna mtoto wa zamani wa katekisimu anayeweza kumsimulia mji ule. Wenzangu wenye adabu wako chuoni, mbali. Nikaitwa mimi.

Nikasimulia bila utani hata mmoja, jambo ambalo lilinichosha. Watu wa juu, watu wa chini, kengele matopeni. Uso wake haukutikisika. Nikafika darajani, nikanyamaza, kama alivyozoea yeye.

Akasogea karibu na simu. "Na ule mama," akasema kwa Kiswahili chetu, "eko wapi?"

"Eko palepale, mon Père. Muangalie ku dirisha."

Akageuka, akautazama mto wake muda mrefu. "Ah," akasema polepole. "Basi niko kwetu."

Siku hizi watoto wa uani wanafungua mji wowote wa dunia kwa kidole kimoja, na mkaa wanaona unachafua nguo. Jana nilimtafutia mdogo wangu mji ule kwenye simu, nikamwonyesha mto, kinu, na daraja. Akatazama kidogo, akanirudishia.

"Daraja iko mutupu, yaya," akaniambia mimi mkubwa wake.

Enzi zetu halikuwa tupu.