Robo Saa Juani

Fundi huyo wa redio watu walimwita Mzee Roki kwa kupenda kwake muziki wa roki, na jina lilimkaa. Kibanda chake kilijaa sahani za santuri za miaka iliyopita, na ole wako umuulize mpiga gita gani alikuwa bora. Ungesimuliwa albamu nzima, upande wa kwanza na wa pili, hadi pumzi aliyovuta mwimbaji kabla ya kuanza.

Asubuhi moja alikuja shemeji yake, mjane wa kaka yake, amekumbatia sahani iliyopinda. Bendi ya marehemu, aliyeimba na kupiga gita, ilirekodi albamu moja tu, na nakala iliyobaki ilikuwa hiyo.

"Shemeji, nataka kumsikia," alisema. "Sauti yake siku hizi inanipotea."

"Hilo dogo. Kaa hapo."

Lilikuwa dogo kweli. Sahani za namna hiyo alishazinyoosha kwa mamia: unailaza kati ya vioo viwili, unaianika juani robo saa, basi. Ukizidisha, mistari inayobeba sauti inayeyuka na muziki unakwenda na maji.

Akaianika. Kinyozi wa jirani, mchokozi tangu utoto, akachungulia mlangoni. "Hivi yale makelele yenu yalikuwa na maana gani?"

Mzee Roki akavua miwani. Akamweleza mpiga ngoma aliyechelewa makusudi nyuma ya wenzake, na albamu iliyobadilisha magita ya dunia nzima. Albamu ikazaa albamu. Shemeji naye alikuwa akitabasamu kwenye stuli yake, maana ndivyo mumewe alivyokuwa akizungumza.

"Lakini wote hao," Mzee Roki akamaliza kwa majivuno, "hawamfikii kaka."

Hapo ndipo alipokumbuka. Alitoka mbio, vioo vikamuunguza vidole. Sahani ilikuwa imenyooka vizuri, laini kama sinia, bila mstari hata mmoja.

"Shemeji, nimemuua mara ya pili," alisema.

"Iweke hivyo hivyo," mjane akasema.

Akaiweka kwenye santuri. Ukasikika mvumo mtupu. Kinyozi aliinamisha kichwa.

"Gita lake linaanza wapi?" mjane akauliza.

Albamu ile Mzee Roki aliijua nje ndani. Akahesabu kwa kidole mezani, taratibu, machozi yakimtiririka.

"Sasa," akasema.

Shemeji yake akafumba macho.